Mama Sabina Nyuma ya Picha

Kila siku alipotoka shule, Boke alivua sare, akaitundika msumarini, akala ugali na dagaa aliowekewa, kisha akaenda kibandani kwa mjomba wake. Kibanda kilikuwa Mukendo, mjini Musoma, na humo Mjomba Machage alitengeneza fremu za picha. Kazi ya Boke ilikuwa kufuta vioo kwa gazeti lenye maji na kupiga mbao msasa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mikono yake ilinukia vumbi la mbao hata Jumapili kanisani.

Alikuwa pia na kamera ndogo aliyoachiwa na shangazi yake. Aliwapiga picha kuku, aliwapiga wanakwaya, na siku moja alimpiga mwalimu mkuu akiwa katikati ya mwayo. Hiyo ya mwisho hakumwonyesha mtu.

Katika kwaya alikuwapo Sabina, rafiki yake mkubwa ingawa alimzidi miaka kumi. Ndiye aliyemfundisha Boke kusuka nywele na kuimba sauti ya pili. Sabina alipochumbiwa na Onesmo, mwalimu wa Bunda ambaye kwao ni Butiama, alikuja kibandani na habari.

"Picha za simu atapiga kila mtu," alisema. "Za kutundika ukutani nataka upige wewe. Na fremu mtengeneze nyinyi."

"Mimi? Na nikiharibu?"

"Ukiharibu, nitaolewa upya!" Sabina akacheka.

Harusi ilifungwa Butiama. Mama yake Sabina, mkulima wa Bugwema, alifika asubuhi na mapema amevaa kitenge cha bluu, kibeti kwapani. Mama huyu hakuweza kukaa na mtoto dakika mbili bila kumtegea kitendawili.

"Boke, kitendawili!"

"Tega."

"Wamesimama mchana kutwa, hawaombi kiti."

Boke alifikiri miti, akafikiri nguzo za umeme. Yote siyo.

"Basi nipe mji," alisema Mama Sabina.

"Nakupa Musoma."

"Musoma nimeenda, nikala samaki, nikarudi. Jibu ni watu wa kwenye picha." Akainama karibu na sikio la Boke. "Mwanangu, mimi nimepigwaga picha moja tu, ya kitambulisho. Walichukua kichwa, mwili wakaniachia mwenyewe. Leo nataka nionekane mpaka viatu."

"Mpaka viatu, mama. Nakuahidi."

Baada ya misa Boke aliwapanga ndugu wote mlangoni pa kanisa. Maharusi walikaa katikati, wazee wa Onesmo kushoto, shangazi za Sabina kulia. Mama Sabina akaenda kusimama peke yake, hatua tano kutoka kwa wenzake. Kati yake na wao kilibaki kiti kimoja cha plastiki.

"Mama, sogea kidogo!" Boke alipaza sauti.

Shangazi wakaangua kicheko. "Wewe mtoto! Unataka mama mkwe abanane na mkwe wake? Hiyo ni ya huko kwenu mjini!"

Katika ukoo wao mama mkwe humpa mkwe wake nafasi. Ndiyo heshima yao. Onesmo naye alikuwa ameinamisha macho. Basi Boke akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka visigino vikagusa ua. Wote wakaingia kwenye kamera, na kiti chao. Akapiga.

Studio iliwatolea picha nne. Tatu zilikuwa za kipimo cha kawaida, na vioo vyake vilikuwapo. Ile ya ukoo ilitoka ndefu, kwa kuwa watu walienea upande hadi upande.

"Hiyo ndefu iache," alisema Mjomba Machage siku ya Ijumaa, akielekea Bunda kununua mbao. "Nikirudi kesho jioni tutaikatia kioo chake na fremu yake. Usiiguse."

Jumamosi Boke alimaliza fremu tatu kabla ya saa sita. Kona zilikaa vizuri, akajisifu moyoni. Kesho yake walitakiwa kuzipeleka Bugwema, na alitamani sana kusema, "Zote nne nimetengeneza mwenyewe." Akaichukua ile ndefu, akailaza juu ya kioo cha kawaida. Ilizidi vidole vinne. Upande wa kushoto walikuwa wazee, wamebanana. Upande wa kulia, baada ya shangazi, palikuwa na kiti kitupu, kisha Mama Sabina.

Boke aliutazama upande ule kwa muda. Halafu akachukua mkasi.

Mkasi ulipita kwenye kiti cha plastiki, ukakipasua katikati. Picha ikaingia ndani ya fremu bila shida.

Rafiki yake Grace, aliyekuwa amepita kumsalimia, alikiokota kile kipande. "Hee! Huyu si mama yake bibi harusi?"

"Nitasemaje sasa?"

"Sema kamera haikumfikia. Alikuwa mbali. Nani atajua?"

Boke hakuweza kukitupa kipande kile. Alikificha nyuma ya picha, akafunika kwa ubao mwembamba, akapigilia misumari. Mjomba aliporudi alikuta fremu nne zimefungwa kwenye magazeti.

"Na ile ndefu?"

"Imeingia, mjomba."

Mjomba Machage alimtazama, lakini alikuwa amechoka na safari. Hakuuliza zaidi.

Jumapili Boke na mjomba walifika Bugwema na fremu zao na zana za kutundikia. Sabina alikuwa ameshafika kutoka Bunda. Mama Sabina alifuta mikono kwenye kanga, akaifungua ile ya ukoo kwanza. Alianza kushoto, akapitisha kidole juu ya kioo, uso kwa uso, mpaka mwisho wa kulia. Akarudia.

"Boke, mbona sijioni?"

"Kamera haikukufikia, mama. Ulisimama mbali."

Mama Sabina aliiweka fremu mezani polepole.

"Basi kosa ni langu," alisema. "Mtoto aliniita nisogee, nikakataa. Heshima yangu imeninyima picha ya mwanangu."

"Mama, usijilaumu," alisema Sabina.

Boke alikuwa amejiandaa kugombezwa. Hakuwa amejiandaa kumwona mama yule akijilaumu kwa kosa lisilo lake.

"Mjomba, naomba plaizi," alisema.

Aligeuza fremu, akang'oa misumari mmoja mmoja, akaondoa ubao. Kipande kikateleza mezani: kitenge cha bluu, kibeti kwapani, na viatu viwili vyeusi vilivyong'aa.

"Kamera ilikufikia," Boke alisema, machozi yakimtoka. "Mimi ndiye niliyekukata. Picha haikuenea kwenye kioo, na sikutaka kungoja. Halafu nikadanganya. Nisamehe, mama."

Mama Sabina alikishika kipande, akakitazama sana. "Kumbe viatu vilionekana," alisema taratibu. Kisha akamgeukia Boke. "Mkasi wako ulinikata kwenye karatasi. Karatasi sina ugomvi nayo. Ila lile neno lako lilinikata mimi mwenyewe, nikaanza kuiona heshima yangu ni ujinga. Umeona uongo mdogo unavyofanya kazi?"

"Nimeona, mama."

"Picha bado imo kwenye kamera?" aliuliza Mjomba Machage.

"Imo."

"Itatolewa upya. Fremu utatengeneza wewe, kuanzia kupima. Mimi nitakaa nikuangalie."

Ilimchukua Boke wiki nzima baada ya masomo. Kona mbili hazikukutana, akazirudia. Mara ya tatu zikakutana.

"Sasa shika hili," mjomba alimwambia. "Sisi tunapima watu kwanza, ndipo tunakata mbao. Fremu ikiwa fupi, unaongeza fremu. Hupunguzi mtu. Na ukishakosea, unasema siku hiyohiyo, maana kosa lililofichwa linamdondokea asiyehusika."

Jumapili iliyofuata fremu ndefu ilitundikwa Bugwema, na kiti kizima cha plastiki kikiwa mahali pake. Mama Sabina alirudi nyuma kuitazama, hatua tano kamili.

"Boke, kitendawili!"

"Tega."

"Nilitoka sikupita mlangoni, nikarudi sikupita mlangoni."

Safari hii Boke hakutoa mji. "Ni wewe, mama."

"Ni mimi," alisema Mama Sabina, "mpaka viatu."