Sukari Kwenye Sanduku la Zana

Tangu mkewe aambiwe ana kisukari, seremala hakutulia. Sukari yote ya nyumba aliifungia kwenye sanduku la zana, pamoja na patasi na misumari. Ufunguo aliuvaa shingoni. Mkewe, fundi cherehani, alimtania kwamba siku hizi sukari inalindwa kuliko benki. Mumewe hakucheka.

Adhuhuri moja cherehani ilinyamaza. Mke alikuwa amejidunga insulini asubuhi, kisha akazama kwenye sare za shule bila kutia kitu tumboni. Sasa mikono ilimtetemeka, jasho likamtoka, na maneno yakaanza kumpotea.

"Nipe sukari," alinong'ona.

"Sukari ndiyo inayokuua, mke wangu."

Seremala alimtuma binti yao amwite jirani yao muuguzi. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

Muuguzi aliingia bila hodi. Aliposikia mgonjwa hajala, akadai sukari haraka. Seremala akasita, mkono shingoni.

"Fungua, shemeji. Sasa bado anaweza kumeza. Akizimia hatutampa kitu mdomoni, itabidi tumkimbize hospitali."

Alifungua, ufunguo ukimponyoka mara kwa mara. Mke akanywa maji ya sukari. Baada ya robo saa akauliza nani amegusa sare zake. Muuguzi hakumwacha mpaka alipokula akashiba.

Ndipo seremala alipoeleza kwamba kliniki alisikia maneno "haipo" na "haipa", akadhani ni ugonjwa mmoja, wa sukari kuzidi.

"Haipo ni chini ya kiwango," muuguzi alisema. "Haipoglisemia, sukari imeshuka. Haipotensheni, presha imeshuka. Haipothemia, joto la mwili limeshuka. Haipa ni kupanda kupita kiasi. Na insulini hushusha sukari. Ukijidunga usile, itashuka mno."

"Kumbe nilikuwa nakumaliza," seremala alimwambia mkewe. Aliona aibu, wala hakuificha.

Siku hizi kopo la sukari linakaa kando ya cherehani, kwa dharura tu. Mke hajidungi kabla chakula hakijawa tayari.

Juzi cherehani ilinyamaza ghafla. Seremala alitupa randa, akaja mbio na kijiko mkononi, nywele zimejaa maranda.

"Natunga uzi tu," mkewe alisema, akamsogezea kiti. "Lakini kaa, baba watoto."

Akakaa, kijiko bado mkononi, mpaka cherehani ilipoanza kulia tena.