Vikapu Viwili vya Pori la Kitete

Kila asubuhi Mama Albertine alitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba yake, katika kijiji kimoja cha upande wa Wamaza. Na kila asubuhi shemeji yake Hervé alipita na jembe begani, akasimama, akasema maneno yaleyale. Mashamba yamechoka. Muhogo unatoka mwembamba. Na pori la Kitete limekaa tu pale, limefungwa kama sanduku la bibi arusi.

"Shemeji, tunachunga nini mule ndani?" aliuliza siku moja. "Weye mwenyewe ulishaona?"

Mama Albertine aliendelea kutwanga. Hata yeye hakuwa ameona, na hilo lilimuuma. Ni yeye aliyesimama mbele ya watu, ule mwaka viwavi wa kula walipokosekana, akawaomba wafunge pori. Hakuna kukata mti. Hakuna kutega mnyama. Watu wakamsikiliza. Sasa walikuwa wamechoka kungoja, na Jumapili baada ya misa kijiji kizima kingekutana kuamua. Wakisema pori lifunguliwe, Jumatatu mashoka yangeingia.

Basi akatuma habari Kasongo, kwa Iliasi. Huyu alikuwa mtoto wa mjini, wa familia ya Kiislamu yenye duka karibu na msikiti. Lakini duka hakulitaka. Kazi yake ilikuwa kupima afya ya mapori. Alifika kwa piki kabla ya Jumapili, matope mpaka magotini.

Aliyempokea ni Marcellin, mlinzi wa pori. Marcellin alikuwa mtegaji zamani, na moyo wake ni mwema kupita kiasi. Kwetu mgeni halali njaa, wala harudi kwake bila kuonyeshwa kitu kizuri. Kwa hiyo Marcellin alitangulia njiani peke yake, akamwaga ndizi mbivu na vipande vya muhogo, kutoka mwanzo wa pori mpaka ndani kabisa.

Kesho yake njia ilijaa alama za miguu ya wanyama. Juu ya miti kima walikuwa wanatafuna, mashavu yamevimba. Mama Albertine karibu apige vigelegele. Iliasi akainama, akaokota ganda la ndizi, akalitazama. Akacheka mpaka akashika mti.

"Papa Marcellin, kizuri chajiuza," alisema. "Hapa tunapima ndizi zako. Pori hatujalipima."

Marcellin alitazama chini kwa haya. Iliasi akamshika bega, akawaeleza taratibu. Ukitaka kujua kama ulinzi unafaa, usitazame mahali pazuri tu. Pita njia moja ndani ya pori linalolindwa. Pita nyingine nje, mahali ambapo zamani palikuwa pori la namna ileile. Urefu uwe sawa, saa iwe sawa, na kimya kiwe sawa. Mahali pabaya usiparuke. Tena usihesabu wingi tu, tafuta aina. Pori lenye panya wengi bila mnyama mwingine ni pori gonjwa.

Akasema pia kwamba yule anayebisha ndiye wa kwenda naye. Wakamwita Hervé.

Walichukua vikapu viwili, kimoja cha nje na kimoja cha ndani. Kila walichoona au kusikia walikipa kitu chake: kokwa ya mawese kwa kima, kijiwe kwa nguruwe-mwitu, haragi kwa ndege wa porini, mbegu ya boga kwa chura. Panya na ndege wa mashambani walipewa punje ya mahindi. Mtego ulipewa kipande cha mkaa.

Nje walianza alfajiri. Walipita visiki, wakapita kijito kilichokauka. Kikapu kilipata mahindi na makaa, basi.

Siku iliyofuata, saa ileile, waliingia Kitete kwa njia nyingine, isiyo na ndizi. Lo! Pori lilikuwa limeamka kabla yao. Hondohondo walipita juu, mabawa yao yakivuma kama mtu anapeta mchele. Vyura waliitana kwenye maji. Miti michanga ilisimama chini ya mikubwa, na kwenye majani yake viwavi walikuwa wamerudi. Mama Albertine alisimama akiwatazama, machozi yakamtoka. Alikuwa amelinda vitu hivi bila kuvijua.

Walipokaribia mto, wakakuta waya. Mtego mmoja, mwingine, na mwingine tena. Makaa yakaingia katika kikapu cha ndani. Hervé aliharakisha hatua, na jioni akatangulia nyumbani.

Marcellin akamnong'oneza Mama Albertine kwamba makaa wayatupe. Jumapili watu wangeyaona hayo tu, na pori lingepotea. Mama Albertine akaingiza mkono kikapuni. Akayashika makaa kwa muda. Kisha akayaachia humohumo.

"Tukiyaficha, tutaendelea kuchunga pahali hakuna mwizi," alisema. "Na kule mutoni wataendelea kuiba."

Jumapili alimwaga vikapu juu ya mikeka miwili. Hata asiyejua kusoma aliona. Mkeka mmoja ulikuwa na mahindi na makaa tu. Wa pili ulikuwa na kila rangi. Kabla hajaulizwa, akaonyesha makaa ya kikapu cha ndani, akasema ulinzi wao ni mzuri pande zote ila mtoni.

Hervé akasimama.

"Nilikuwa nangoja nione kama shemeji atayaficha," alisema. "Hakuficha. Basi na miye sitaficha. Waya zingine za mutoni ni zangu. Kesho nitazitoa. Na upande ule munipe miye, niuchunge."

Hakuna aliyemzomea. Pori likabaki limefungwa. Chefu wa kijiji akampa Hervé sehemu ya mashamba yaliyolala bila kulimwa kando ya barabara, na Iliasi akamwonyesha jinsi ya kuchanganya karanga na muhogo, udongo upate nguvu.

Mvua zikaja, zikaisha. Walipita tena njia zilezile, saa zilezile. Mtoni hawakuona waya hata mmoja. Hervé, aliyekuwa mbele, akawashika mikono ghafla. Kwenye jiwe alikaa fisi-maji, mnyama wa mtoni mwenye manyoya laini, anakula samaki wake bila wasiwasi. Hawakuwa wamemwona tangu walipokuwa watoto.

Marcellin akatafuta mfukoni. Hawakuwa wamemwekea mnyama huyo mbegu yoyote.

Hervé akakata kifungo cha shati lake, akakitia kikapuni.