Kaburi la Mzee Aliye Hai

Kila asubuhi Mzee Maganga wa Dutwa alikwenda kukaa kando ya kaburi lake mwenyewe. Usishangae, lilikuwepo kweli. Lilikuwa nyuma ya zizi la ng'ombe, lina msalaba wa mbao ulioandikwa Luhende.

Luhende ndilo jina alilozaliwa nalo. Ujanani alikwenda Vita vya Kagera, na habari ikafika kwamba ameuawa. Mwili haukuletwa. Ndugu wakazika blanketi lake, wakanyoa nywele, wakalia. Kisha siku moja Luhende akaingia uani kwa miguu yake. Mama yake mzazi alimkimbia.

Wazee wa ukoo wakaamua jina lililozikwa lisiitwe tena, kifo kisije kikamdai mtu wake. Wakampa jina la Maganga. Msalaba hakuna aliyethubutu kuugusa.

Sasa macho ya mzee yalikuwa na ukungu mweupe. Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Akipasuliwa ataona, asipopasuliwa atabaki gizani. Wazee wasio na uwezo hutibiwa bure, lakini hospitali ilitaka kitambulisho. Mzee hakuwa nacho.

Mkewe, Mariana, alimshika mkono wakaenda kujiandikisha kwenye ofisi ya kata. Walibeba cheti cha ubatizo. Afisa alikitazama, akaita kwa sauti:

"Luhende!"

Mazungumzo yalikatika benchi zima. Watu wa Dutwa walilijua jina lile.

"Usiitike, baba Gloria," Mariana alinong'ona.

Hakuitika. Afisa akawaita kwa ishara, akamwekea mzee vidole kwenye mashine ya kusoma alama. Mashine ikanyamaza. Akajaribu mkono wa pili. Kimya.

"Haimwoni," mtu alisema nyuma. "Maiti ana alama gani?"

Benchi likabaki tupu. Mariana akamshika mzee mkono, wakaondoka.

Nyumbani mzee alikaa tena kando ya kaburi. Upepo ulikuwa umetulia, hata ng'ombe hawakulia.

"Mama Gloria," alisema polepole, "nadhani walinizika kweli."

Mariana akaangua kilio. Kilio hicho ndicho kilichomleta jirani yao Felisita, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Mwangaluka, guku," alimsalimia mzee kwa Kisukuma, kwa heshima ya babu. "Nionyeshe vidole."

Akavipapasa.

"Umelima pamba miaka mingapi?"

"Tangu nirudi vitani."

"Basi jembe limezilamba alama zako. Hata za mama yangu zimefutika hivi hivi, naye hajafa, anagombana na kila mtu! Safisha mikono kwa maji ya vuguvugu, paka mafuta kidogo, ufute. Mwombe afisa arudie kidole kimoja kimoja. Zikikataa kabisa, mwambie aeleze hivyo kwenye maombi yako. Usikubali kurudishwa kimya kimya."

"Na jina?" Mariana aliuliza kwa hofu.

"Msifiche hata moja. Nendeni kwa wakili au mahakamani, mzee aape kwamba Luhende na Maganga ni mtu mmoja. Mchukue na barua ya mtendaji wa kijiji. Na kitambulisho cha kwanza ni bure. Akitokea mtu anayetaka chochote ili awaharakishie, mkimbieni."

"Likiitwa, kifo kikasikia?"

Felisita alitazama msalaba. Alikuwa mtoto wa palepale, naye aliuogopa.

"Kifo hakisubiri kuitwa, mama," alisema. "Ila daktari anasubiri."

Walifanya yote. Siku ya kurudi, afisa akaita tena: "Luhende Maganga!"

Mariana alifumba macho. Mzee aliinuka. Kisha sauti ikamtoka, nzito, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Naam! Nipo!"

Hakuna kilichotokea, ila afisa alimsogezea kiti. Kidole gumba kilisomeka.

Kitambulisho kilipotoka, mzee alipasuliwa macho. Bandeji ilipofunguliwa alimtazama Mariana hata mama wa watu akaona haya.

Walipofika nyumbani, mzee alikwenda moja kwa moja nyuma ya zizi. Akalisoma jina lake kwa macho yake. Akaung'oa msalaba, akaupasua kwa shoka, akamletea mkewe vipande jikoni.

"Pikia ugali."

Mariana alivisukumia mafigani. Moto ukashika vizuri tu.

Mzee alikula, akaisafisha sahani, akaomba nyongeza. Mariana akacheka mpaka machozi. Wafu hawaombi nyongeza.