Pete kwenye Kiti cha Chuma

Haya yalimpata jamaa yangu, mpiga dramu aliyerekodi nyimbo za watu kwa miaka ishirini. Mkewe alikuwa akimsindikiza studio, anakaa kwenye kiti cha chuma na kukigonga kwa pete yake kufuatisha mapigo, kila mara akichelewa kidogo. "Shemeji, unatuharibia kazi!" fundi mitambo alimtania.

Mkewe alipofariki, walimzika na pete yake. Mwezi uliofuata jamaa akaitwa kurekodi. Alizima taa asikione kile kiti, akapiga wimbo mzima.

Wakasikiliza rekodi. Dramu ziliponyamaza mwishoni, kwa kuchelewa kidogo, chuma kikalia: ting.

Fundi akazima mashine. "Kaka, nifute?"

Jamaa alikuwa analia, mguu wake ukipiga sakafu polepole. Baada ya kila pigo, kule gizani kwenye kiti, pete ilijibu kwa kuchelewa kidogo.