Uso wa Veronika

Kwaru... kwaru... kwaru.

Angelina alifumbua macho gizani. Kulikuwa hakujapambazuka. Sauti ile ilikuwa ya kiganja kinachopapasa ukuta wa korido. Ilisogea polepole, ikasimama, ikaendelea. Alijua ni mama mkwe wake, Bibi Marsela, anatafuta mlango wa jikoni.

"Mama, ngoja nikuwashie taa."

"Lala tu, Mama Eva. Taa yangu ni ukuta. Hauhitaji luku."

Angelina alicheka, lakini moyo ulimuuma. Zamani Bibi ndiye aliyeamsha jogoo wa Karatu. Sasa alikuwa na ugonjwa wa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limezima. La kulia liliona kidogo tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari aliwaambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi. Matone yalikuwa ya kulinda kilichobaki.

Asubuhi hiyo, wakinywa chai, Bibi alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Sioni vibaya kupofuka. Wazee wengi wamepofuka. Lakini nilitaka nimwone Aayo kwanza."

Aayo ni mama, kwa Kiiraqw. Mama yake Bibi aliitwa Veronika. Alifariki Marsela akiwa bado ananyonya. Marsela hakuijua sura yake hata kidogo.

"Si ulisema hakuna picha?" akauliza Raphaeli, mume wa Angelina.

"Hapa nyumbani hakuna. Lakini wakati wanajenga zahanati ya misheni, kina mama walibeba mawe. Kulikuwa na sista mmoja Mzungu, Sista Hedwiga. Aliwapiga picha. Mama mdogo Antonia alinisimulia. Mimi nilikuwa mgongoni."

Raphaeli alikuwa dereva wa watalii. Alitikisa kichwa. "Kila siku nawapeleka watu kreta, wanapiga picha mpaka nyani wanachoka. Mama yangu anataka moja tu, haipo!"

"Nitaitafuta," Angelina alisema. "Mama, nitaitafuta mimi."

Angelina aliishia darasa la saba. Lakini mwaka ule alikuwa akisoma darasa la jioni kwenye maktaba ya jamii, pale mjini. Alikuwa amejifunza kutumia kompyuta na kuingia mtandaoni. Alijiona anaweza.

Alinunua bando. Akaandika kwenye simu: *picha ya Veronika Karatu*. Akaletewa picha za hoteli, na za harusi ya Veronika mwingine. Akajaribu tena. Hakuna. Mwishowe akaomba msaada kwenye kikundi cha mtandaoni cha picha za zamani. Kabla chai haijapoa mtu akamjibu: "Hii hapa. Wanawake wa Mbulu, zamani sana."

Ilikuwa sura ya mwanamke kijana, karibu na kamera, macho makubwa, mdomo umefungwa. Angelina aliitazama, akamtazama Bibi. Paji la uso lilifanana! Au alitaka lifanane.

Hakuuliza picha imetoka wapi. Alikimbia stesheneri, ikachapwa kubwa, ikawekwa laminesheni. Akamkabidhi Bibi mikononi.

"Mama, huyu ndiye mama yako."

Bibi aliisogeza picha mpaka ikagusa pua. Aliizungusha mbele ya lile jicho moja, kipande kwa kipande. Paji. Jicho. Shavu. Kisha akaibusu.

"Saita, Aayo," akaiamkia.

Picha ilitundikwa ukutani. Kila siku Bibi alivuta kigoda akakaa chini yake. Alisema anataka kuisoma mpaka aimalize, ili giza likija akute amekwisha kuihifadhi kichwani. Ikapita miezi. Angelina alikuwa akipita na ndoo au kapu la nguo, akimwona pale, akijisikia mtu aliyefanya jambo jema.

Jumapili moja mwalimu wake wa darasa la jioni alikuja kumsalimia Bibi. Aliitwa Nashipai, mzaliwa wa Enguserosambu huko Umasaini, mwepesi wa utani.

"Karibu, Mmasai," Bibi alimwambia. "Lakini ng'ombe wetu wamefungwa vizuri leo."

"Bibi, ng'ombe wote ni wetu. Ninyi mnatutunzia tu." Walicheka. Kisha Nashipai akaiona picha. "Na huyu ni nani?"

"Mama yangu," Bibi akajibu, uso umemng'aa.

Nashipai aliisogelea. Alipomaliza chai alimwomba Angelina amsindikize hadi uani.

"Ile picha uliipata wapi?"

"Mtandaoni, Mwalimu."

"Mtandaoni ni kama kusema sokoni. Banda gani? Nani alikupa, na yeye alipewa na nani?"

Nashipai akatoa simu. "Kuna njia ya kutafuta kwa kutumia picha yenyewe. Badala ya kuandika maneno, unaiweka picha, mtandao unakuonyesha inapoonekana kwingine. Hebu niletee ile uliyotumiwa."

Wakaiweka. Picha ilitokea sehemu nyingi, nyingine wameiandika Kondoa, nyingine Uganda. Nashipai aliendelea kushuka mpaka akafika kwenye tovuti ya makumbusho moja. Pale picha ilikuwa nzima, haijakatwa. Yule mwanamke alikuwa amesimama ufukweni. Nyuma yake kulikuwa na ziwa na mitumbwi. Chini kulikuwa na maelezo: jina la mpiga picha, mahali, namba ya picha, na mwaka wa 1911.

"Mama yake Bibi alizaliwa lini?"

"Wanasema kama elfu moja mia tisa na thelathini," Angelina alijibu.

"Basi huyu alipigwa picha kabla Veronika hajazaliwa. Halafu hiyo mitumbwi, Angelina! Karatu tunavua nini, mahindi?"

Angelina alijaribu kucheka. Machozi ndiyo yaliyotoka.

Jioni Raphaeli alipinga kabisa. "Usimwambie. Amefurahi. Unamwondolea raha ya nini?"

"Baba Eva, bado ana jicho moja. Analimalizia kwa mtu asiye wake. Na mimi ndiye niliyempa."

Alikwenda akapiga magoti kando ya kigoda. Alisema yote, hakuficha kitu. Bibi aliinua uso kuelekea ile picha.

"Kumbe miezi yote nimemwamkia mama wa watu," akasema.

"Nisamehe, Mama."

"Mshushe taratibu. Usimtupe. Naye ana watoto wake mahali." Kisha akageuza uso upande wa dirisha. Hakula chakula usiku ule.

Kesho yake Angelina alikuwa wa kwanza kufika maktaba. Nashipai alimwekea kiti mbele ya kompyuta.

"Leo hatuanzi na mtandao," alisema. "Tunaanza na maswali. Nani alipiga picha?"

"Sista Hedwiga."

"Alipokufa, vitu vyake vilikwenda wapi?"

"Sijui. Labda kwa masista wenzake, kwao Ulaya."

"Umeona? Sasa una mlango wa kubisha. Mashirika mengi ya dini, vyuo na makumbusho yana hifadhi ya nyaraka. Mengine yamezipiga picha nyaraka zao na kuziweka mtandaoni, yeyote azione. Lakini hazijui maneno yetu ya leo. Karatu wakati ule ilikuwa wilaya gani?"

"Mbulu."

"Na nchi?"

"Tanganyika."

"Na aliyeandika maelezo hakujua jina la Veronika. Aliona wanawake na mawe. Kwa hiyo tafuta alichokiona yeye, kwa lugha yake."

Nashipai alimsaidia kutafsiri. Wakaandika *Tanganyika*, wakaandika *Mbulu*, wakaandika neno la *zahanati* kwa lugha ya Sista. Walipata ukurasa wa shirika la masista, na jina la Sista Hedwiga lilikuwamo. Palikuwa na picha mia kadhaa. Angelina alitaka kuacha kwenye ukurasa wa pili.

"Endelea," Nashipai alimwambia. "Hifadhi haikuandaliwa kwa ajili yako. Lazima upekue."

Walipekua siku tatu za darasa. Siku ya tatu Angelina akasimama, kiti kikaanguka.

"Mwalimu! Mawe!"

Picha ilikuwa ndogo kama stempu. Wanawake watano walibeba mawe kichwani. Sura hazikuonekana. Maelezo yalisema: *Wanawake wakibeba mawe ya zahanati, wilaya ya Mbulu, 1958.* Mwaka ule Marsela alikuwa mtoto wa kubebwa.

"Tulia," Nashipai alisema. "Tumekwisha kukosea mara moja. Andika namba ya picha, tovuti, na tarehe ya leo. Halafu tuwaandikie wenyewe, tuombe nakala kubwa."

Waliandika barua pepe fupi. Walieleza wao ni nani, wanataka picha namba ngapi, na kwa sababu gani. Kisha wakasubiri.

Majibu hayakuja wiki ile, wala iliyofuata. Angelina alifungua simu kabla ya kukamua ng'ombe na baada ya kukamua ng'ombe. Mvua za vuli zikaanza. Mahindi yakachipua.

Asubuhi moja Bibi aliketi barazani, jua limempiga usoni. "Mama Eva," aliuliza, "leo kuna mawingu?"

Hapakuwa na wingu hata moja.

Angelina aliingia ndani, akajifungia, akalia na kanga mdomoni. Hakulilia macho tu. Alililia ile miezi. Kama siku ile angeuliza swali moja tu, picha imetoka wapi!

Barua pepe ilijibiwa siku kumi baadaye. Mtunza nyaraka aliomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa peke yake ofisini. Alituma nakala kubwa bila malipo, na chini akaandika kwamba hawajui majina ya wanawake wale. Je, familia inaweza kusaidia?

Safari hii Angelina hakumkimbilia Bibi na habari. Alipanda gari la wafanyabiashara wa vitunguu, akateremka Mang'ola kwa mama mdogo Antonia. Antonia alikuwa na umri unaokaribia tisini, lakini macho yake yalikuwa ya mwewe. Nashipai alikuwa amemwonya: "Usimwambie ni nani. Muulize tu, kisha nyamaza. Ukimwambia, atakukubalia kwa heshima."

Basi Angelina aliwasha kinasa sauti cha simu, baada ya kuomba ruhusa. Akamwonyesha picha.

"Bibi, unamjua mtu hapa?"

Antonia alitazama. Akapiga kofi pajani. "Mimi huyu! Mwembamba hivi, utadhani ufito! Na huyu ni dada yangu Veronika. Tulimkataza kubeba jiwe na mtoto mgongoni. Mkaidi! Akasema, mtoto wangu atatibiwa humo, mnanizuia nini?" Kisha sauti ikashuka. "Huyo mgongoni ni Marsela. Mwaka uliofuata dada hakuwepo." Akawataja na wale watatu waliobaki, mmoja mmoja, na koo zao.

Akamgeukia Angelina. "Marsela ameiona?"

Angelina alizima kinasa sauti.

Majina yale yalitumwa Ulaya pamoja na sauti ya Antonia. Leo ukifungua ukurasa ule, wanawake watano wana majina. Pale maktaba, Nashipai ameanzisha kazi mpya: kila mwanafunzi anakwenda na simu kumhoji mzee wa nyumbani kwao, kabla hata hajagusa kompyuta. Wanaandika nani amesema, wapi na lini. Wengine wamekwisha kupata barua za babu zao na ramani za mashamba ya zamani. Angelina ndiye anayewaelekeza wageni wa darasa. Jambo la kwanza huwaambia: "Mimi nilikosea hivi." Huwasimulia, ingawa kila mara inamuuma.

Lakini siku aliyorudi kutoka Mang'ola alikuwa na kazi moja tu. Alipitia stesheneri, kisha akaja nyumbani, akamkalisha Bibi barazani. Eva, binti yake wa darasa la kwanza, alikuja akaegemea goti la bibi yake.

Bibi aliipokea picha kwa mikono miwili. Akaipapasa kwa vidole. Karatasi ilikuwa laini tu, pande zote.

"Nieleze," alisema.

Angelina alieleza kama alivyofundishwa. Picha ilipigwa mwaka 1958. Aliyepiga ni Sista Hedwiga. Wanawake ni watano. Veronika ni wa pili kutoka kulia. Amefunga kaniki. Jiwe ni kubwa kuliko ya wenzake. Mtoto mgongoni ametoa mkono mmoja nje.

"Huo ni mkono wangu?"

"Wako, Mama."

Bibi alitikisa kichwa polepole. "Na uso? Uso ukoje?"

Angelina alifungua mdomo. Aliwaza lile jicho la mwisho, na kigoda kile chini ya mgeni wa ziwani.

Eva aliinama juu ya picha, akaweka kidole.

"Bibi, mama yako anacheka."