Mtumbwi wa Mjomba Fakihi

Kila asubuhi Kazija alifagia uwanja, akateka maji kisimani, kisha akampikia bibi yake uji. Bibi Mboni alikuwa na mguu mbovu, hakuweza kwenda mbali. Enzi hizo za Mwingereza, waliishi wawili tu ng'ambo ya kijito, bondeni mwa Mchinga.

Siku moja ya masika, jumbe alituma mtu kuwaonya watu wa bondeni kwamba tufani inakuja, wahamie shuleni, mlimani. Mjomba Fakihi, mwana wa Bibi Mboni, akaja kuwaambia wasihangaike. Angewavusha kwa mtumbwi wake kabla ya adhuhuri. Aliwaambia hata majirani hivyo, nao wakatangulia. Kazija alifunga unga na kibiriti ndani ya kibuyu, akawafungulia kuku, akangoja.

Adhuhuri ikapita. Upepo ulianza kung'oa makuti. Kazija alikimbilia ukingoni, akauona mtumbwi wa mjomba katikati ya kijito, umejaa magunia ya mbata, nazi zake kavu za kuuza. Alimwita. Mjomba alimtazama, akageuza uso, akaendelea kupiga kafi.

Kazija alirudi akilia, akaeleza alichokiona.

"Lete kamba ya kisima," Bibi alisema. "Maji hayatatungoja."

Kazija alifunga ncha moja kwenye mkoko, akavuka maji yakimfika kifuani, akafunga ncha nyingine ng'ambo, kisha akarudi kumshika bibi. Mguu mbovu uliteleza, kibuyu kikachukuliwa na maji, lakini bibi hakuiachia kamba. Walifika shuleni wamelowa chapachapa. Tufani iliibomoa nyumba yao yote.

Upepo ulipotulia, Mjomba Fakihi alikuja. Kazija alimwamkia bila kumtazama. Mjomba alisema mbata zingeoza, naye alidhani majirani wangewavusha.

"Majirani walijua unakuja wewe," Bibi alimjibu. "Mbata zikilowa huanikwa, mwanangu. Mtu akizama haanikwi."

Mjomba aliinama akalia, akaomba radhi. Mwezi huo aliwajengea nyumba mlimani, na Bibi akamsamehe. Kazija alichelewa kumsamehe, kwani kila alipomwona aliukumbuka uso ule uliogeuzwa.

"Usijilazimishe," Bibi alimwambia. "Moyo hupona taratibu. Ila shika hili: tufani ikitangazwa, anza na asiyeweza kutembea. Na ukimwambia mtu akungoje, nenda ukamchukue."