Namba ya Tawi

Jumamosi ile duka la vitabu lilifurika wazazi wakitafuta vitabu vya shule. Muuzaji alikuwa juu ya ngazi, kilemba kimelegea, jasho likimtiririka. Aliposhuka, akamkanyaga mwanamume aliyevaa koti la kijivu lililomkaa kama alizaliwa nalo.

"Samahani, kaka!"

"Usijali, dada. Ninao mguu mwingine."

Alikuwa fundi cherehani. Tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi. Alipapasa kitabu rafuni, akakinusa, kisha akakinunua kile kile kwenye simu.

"Mwanaume wewe, unachumbia huku unaoa kule!"

"Si kampuni moja? Ila huku ndiko uliko wewe, laazizi."

Kampuni ilikuwa na maduka mengi, na iliuza vitabu vya kwenye simu pia. Mteja akiandika namba ya tawi anaponunua, duka lile lilihesabiwa mauzo. Asipoandika, yalikwenda makao makuu. Namba ilibandikwa kaunta, kwa maandishi madogo kama punje za ufuta.

Barua ikaja: tawi linafungwa. Limepungukiwa mauzo ishirini na manne ya simu. Muuzaji akafungua kwenye kompyuta orodha ya walioandika namba ya tawi. Jina la fundi halikuwemo. Akampigia.

"Juzi ulijisifu umefikisha vitabu thelathini na kimoja. Hukuandika namba yetu hata mara moja?"

"Nilisahau, mpenzi."

"Mara thelathini na moja? Hukusahau, ulipuuza. Usinipigie tena!"

Wiki tatu simu iliita, hakuipokea. Mvua haikukatika. Vitabu viliingia kwenye maboksi, rafu zikabaki uchi kama mbavu.

Siku ya mwisho fundi akaja, vifungo vya koti vimepishana matundu.

"Umekuja kuzika?" muuzaji akamuuliza.

"Nimekuja unisomee." Akampa simu yake. Maneno manne tu yalijaza kioo kizima.

"Mbona herufi kubwa hivi?"

"Za kitabu huwa nazikuza. Kile kisanduku cha namba ya tawi hakikubali kukuzwa. Na karatasi yenu ya kaunta naiona nyeupe tupu."

Muuzaji akakaa juu ya boksi. "Tangu lini?"

"Kabla hujanikanyaga. Daktari anayapa macho haya mwaka, labda miwili."

"Ungeniambia, ningekuandikia mwenyewe!"

"Fundi asiyeona tundu la sindano, nani atamtaka? Nilitafuta mpenzi, sikutafuta muuguzi. Nimekuponza."

"Umeniponza kweli," akasema, machozi yakimtoka. "Na bado nakupenda, mjinga wewe."

Nje, lori la maboksi lilikuwa likinguruma.

"Utakubali kuolewa na mtu atakayekuja kuisahau sura yako?"

"Na sauti?"

"Sauti, kamwe."

"Basi niulize tena kesho. Leo nina msiba wa duka."

Akazima taa, akamshika mkono kumvusha kizingiti. Fundi bado alikiona kizingiti kile vizuri. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza, akakubali kuongozwa.